Kibao Ambacho Sikukisimamisha

Jumapili, baada ya ibada. Mbulu.

Manyunyu tangu alfajiri, na ukungu umefunga hadi sioni ukuta wa jirani. Nimerudi kanisani nimelowa, nimewasha jiko la mkaa, nimekaa na koti lile lile nililokwenda nalo Ulaya. Sijapika. Sina hamu ya kupika, sina hamu ya mtu, na simu nimeilaza kifudifudi mezani.

Wanaosoma blogu hii ni wachache, wengi ni niliosoma nao chuo, na wamezoea kelele zangu. Leo sina kelele.

Kwa asiyenijua, mimi ni afisa mazingira huku wilayani. Mzaliwa wa Nambis, binti wa mkulima wa ngano na maharage. Kazi yangu ni miche, vyanzo vya maji, na kugombana na watu wanaolima mpaka ndani ya mto. Basi mwaka huu nikajikuta kwenye ujumbe wa nchi, mkutano wa dunia nzima wa mambo ya tabianchi. Wakubwa walitaka mtu mmoja anayeijua miteremko ya mlima Hanang, kule tope liliposhuka na kufukia nyumba za watu. Walisema nitaongeza uzito. Nikanunua koti.

Kabla ya safari nilikwenda Mogitu kumwona Mama Safari. Nyumba yake ilikuwa chini ya mlima, sasa pale pana mawe makubwa tu na mahindi membamba. Binti yake wa mwisho, Neema, tope lilimkuta kitandani. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanimiminia maziwa mgando, na sikumaliza hata kumweleza ninakokwenda. Aliniambia hataki mahindi ya msaada. Blanketi anazo, za kutosha hata kugawa. Anachotaka ni kengele: kitu cha kupima mvua kule juu, na kitu cha kupiga kelele huku chini, watu wakimbie.

"Waambie tope halikupiga hodi," alisema. "Mwanangu, utanisemea?"

Nikamwambia nitasema. Tena kwa kujiamini kabisa, kama mtu anayeagizwa chumvi gulioni.

Sasa nieleze kilichotokea, maana nimekizungusha kichwani siku zote hizi mpaka kimenitoa usingizi.

Kule nchi hazipigi kelele kama tunavyodhani. Zinakaa kwenye vyumba na kugombania karatasi. Karatasi yetu ilikuwa orodha ya watu watakaopewa kwanza vifaa vya tahadhari: visiwa, miji ya pwani, mabonde ya mito mikubwa. Mlima haukuwemo. Balozi aliyeongoza ujumbe wetu, mzee mpole mwenye magoti mabovu, alihangaika siku mbili mpaka wakakubali kuingiza nusu mstari: jamii zinazoishi chini ya milima. Nusu mstari tu! Ila ndani yake ilikuwamo kengele ya Mama Safari.

Shuleni walitufundisha kwamba Tanzania ni nchi kubwa. Kwenye ramani, sawa. Mezani kule sisi ni wadogo, jamani, wadogo hasa. Tulikuwa watatu, na vikao vitano vinakwenda kwa wakati mmoja. Wenzetu wana mtu wa kila aya, na mwingine wa kumletea huyo mtu kahawa. Sisi kila asubuhi tunakaa kwenye kifungua kinywa kuamua leo tuache nini. Madeni ya nchi au mbegu? Misitu au bahari? Na hotuba yetu kwenye ukumbi mkubwa ilikuwa dakika tatu, ambapo shukrani kwa wenyeji zilikula karibu nusu.

Siku ya mwisho Balozi aliitwa chumba kingine, mambo ya bandari na samaki. Akaniweka kwenye kiti chake, mbele yangu kibao cha plastiki chenye jina la nchi.

"Wakigusa mstari wetu, unasimamisha hiki kibao," akaniambia. "Usiongee kitu kingine. Simamisha tu, mimi narudi."

Wakaugusa. Mjumbe wa nchi moja kubwa alisema orodha imekuwa ndefu, ipunguzwe, na milima iondoke. Alisema vizuri, kwa tabasamu, hata hakuikunja sura.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa mzee, nywele nyeupe zote. Akainua macho, akauliza kama kuna anayepinga. Akatuangalia mmoja mmoja mpaka akafika kwangu.

Nikanyamaza.

Sikusinzia. Sikuogopa pia, ningekuwa nimeogopa ningekiri hapa hapa. Nilikunja mikono, nikainamisha uso, nikamnunia yule mzee kwa heshima zote. Ndivyo baba anavyofanya kwenye mkutano wa kijiji. Ndivyo tunavyofanya sisi sote. Kwetu mzee akiuliza "mmekubali?", waliokubali wanaitikia. Ukikataa humkatizi, humwinulii kitu usoni. Unanyamaza. Naye akiona kimya anajua jambo limekwama, anasema twendeni tukalale nalo, tutarudi. Nimelelewa humo. Sijawahi kuona mzee akivuka juu ya kimya cha watu.

Huyu alivuka. Akasema haoni pingamizi, akagonga kinyundo mara moja, wakaenda aya inayofuata.

Nilikuwa bado nasubiri aseme tukalale nalo.

Balozi alirudi anachechemea, akasoma kwenye kioo mbele, mstari haupo. Akaniuliza mbona sikusimamisha kibao. Nikamwambia nilinyamaza, Mheshimiwa. Akarudia, "Ulinyamaza?" Kisha akakaa kwenye kiti cha nyuma na kuanza kusugua magoti. Heri angenifokea. Alisema tu kwamba kule kimya ni ndiyo, na kwamba lilikuwa kosa lake kutoniambia. Halikuwa kosa lake. Mtu mzima, nina shahada, nina macho, nimeambiwa simamisha kibao. Hata kinyago kingekisimamisha!

Labda hata ningekisimamisha wangeufuta tu baada ya chakula cha mchana. Najiambia hivyo. Kuna saa nalitamani liwe kweli, kwa sababu hapo si mimi niliyeiua kengele, ni udogo wetu. Halafu naona kwamba kama ni udogo wetu basi hakuna hata sababu ya kwenda tena, na hilo nalo linaniumiza vibaya zaidi. Sijui nichague lipi.

Jana nilikwenda Mogitu kutoa taarifa.

Taarifa yenyewe nilikuwa nimeiandika kwa ustadi. "Suala la maeneo yetu lilijadiliwa kwa kina na linaendelea kufanyiwa kazi." Wote tunaandika hivyo. Sentensi ile haina uongo unaoweza kuushika kwa mkono. Nikasimama mbele ya ofisi ya kijiji, watu wamekaa kwenye nyasi, akina mama wamejifunga mashuka kwa baridi, mlima nyuma yao umejificha kwenye mawingu. Nikaisoma.

Mwenyekiti wa kijiji akauliza, "Mmesikia?"

Kimya. Hata kikohozi hakuna.

Nilikijua kimya kile.

Mwenyekiti naye alikijua. Hakuendelea. Alikaa akachokoa ardhi na fimbo yake, akanipa nafasi. Ndipo Mama Safari akauliza, bila hata kusimama, "Kengele ni lini?"

Nikashindwa kuirudia ile sentensi yangu. Nikamwambia, "Haipo, mama. Iliondolewa kwenye karatasi. Mkubwa wa kikao aliuliza nani anakataa, na mimi nilikuwepo, nikanyamaza."

Nilitegemea anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na kwa kweli nilikuwa nalitaka lile tusi. Mama Safari alinitazama kama anayesubiri niendelee na maelezo, akaona nimemaliza, akashangaa.

"Si ulinyamaza?" akasema. "Sasa walitaka ukatae vipi?"

Wenzake wakaitikia, eeh, eeh. Walikuwa upande wangu, wote. Mzee mmoja akatikisa kichwa akasema huyo mwenyekiti wa huko hakufundwa. Walinionea huruma, mimi! Mama Safari akanifunika shuka lake mabegani, akaniambia nikienda tena ninyamaze zaidi, watasikia tu, nao ni watu.

Ningemwambia nini? Kwamba kule wamenyamaza wengi kabla yangu, na kila kimya kimeandikwa kuwa ndiyo? Nilikunywa chai yao, nikapanda gari la ofisi, nikalia kuanzia Mogitu mpaka Dongobesh. Dereva aliongeza sauti ya redio, Mungu ambariki.

Shuka lake ninalo hapa, jana niliondoka nalo mabegani kwa kusahau. Inabidi nilirudishe. Sijui nitaingiaje pale.

Manyunyu yameacha kuwa manyunyu. Sasa ni mvua, inapiga bati sawasawa, na upande wa Hanang anga ni jeusi tii. Nimeigeuza simu, nimempigia mwenyekiti wa kijiji mara tatu, hapatikani. Labda ni mtandao tu. Mvua ikinyesha mtandao wa kule hukatika.

Mama Safari hana simu. Anasubiri kengele, na mimi ndiye niliyesema nitasema.