Kilima cha Nyuma ya Mikelenge

Jumapili, mchana. Mvua imekatika, bati bado linadondosha.

Sijaambia mutu hata mumoja: najua namna mjomba Asani alikufa. Mama anafikiri sijui.

Asubuhi nilitoroka misa nikaenda kupanda kile kilima kidogo, nyuma ya mashamba ya Mikelenge. Nilitaka tu kuona mji na mto kutoka juu, nipige picha. Mama amenikataza kilima hicho tangu utoto, bila kueleza. Kabla ya kukifikia kuna kinamasi, potopoto nyeusi. Watu wanatandika matawi ya michikichi juu yake, wanakanyaga hapo.

Nilisita. Mama mumoja aliyekuwa analima akacheka.

« Mademoiselle, vua viatu! Potopoto haijuwe Kifaransa. »

Kisha akaniangalia usoni. « Weye njo mutoto wa Zaina? Na amekuacha upite hapa? »

Alidhani najua. Akasimulia huku jembe likiendelea.

Wakati wa vita watu walikimbilia kilimani, na wa mwisho kuvuka aling'oa matawi nyuma yake, wenye bunduki wasipite. Siku ile wa mwisho alikuwa mama yangu. Aling'oa. Hakujua mdogo wake alikuwa amerudi kufungua mbuzi. Mjomba akafika ukingoni, akamwita, akajitupa. Potopoto ikamshika kiunoni. Wenye bunduki wakamkuta hapo, hawakuharibu hata risasi. Panga. Bega, shingo, tena shingo. Mama alikuwa juu, ameuma pindo la kikwembe alichojifunga.

Nilipanda hata hivyo.

Juu, Lualaba inang'aa, mabati ya Kindu yanang'aa. Ni kuzuri kweli. Na kinamasi kiko pale chini, wazi kabisa. Mutu akiwa ndani yake, unamuona mpaka mikono.

Sikupiga picha.

Nyumbani mama aliona miguu yangu tu. Alinipiga na mwiko mpaka ukavunjika, kisha na mkono. « Nilikuambia nini? Nilikuambia nini? » Nikaonja damu. Halafu akaleta maji, akapiga magoti, akanisugua potopoto ile kama anataka kutoa na ngozi.

Shuleni nimefundishwa kusema pole kwa lugha mbili. Zote mbili zilinikwama.

Sasa nasikia kandambili zake barazani. Siku zote akikaribia, nazima haraka simu hii ninamoandika, naigeuza kifudifudi.

Leo naiacha mezani, inawaka.

Asome.

Mlango unasukumwa.