Ukuta wa Mkwe Wetu

Baba Shija,

Habari za hapo nyumbani? Kiboko wa kwenye picha ya kadi hii sijamwona, nimeona ukuta.

Nyumba ya Shija wetu hapa Nsemulwa ni vyumba viwili na ua mdogo. Kwa mila yetu, mimi na mumewe kuonana uso kwa uso ni mwiko, basi siku ya kwanza nilishinda jikoni na moshi, nikaazimia kurudi Tabora. Mkwe akasikia. Akasomba kwa baiskeli mawe yanayotupwa na wachimba dhahabu wakishakosa kitu. Majirani wakamcheka: “Hayo hayana dhahabu, bwana!” Akajenga ukuta katikati ya ua.

Sasa naanika nepi upande wangu, yeye anasikiliza redio upande wake. Jana akaita, “Mama, uji umetosha?” Nikamjibu, “Umetosha, baba.”

Kwenye ukuta ameacha dirisha dogo, upana wa mjukuu wetu. Mtoto akilia huko, naona mikono tu ikimleta, nami nampokea.

Kuku wape maji, na wewe usilale njaa. Mimi nipo huku kwanza.

Mama Shija wako