Shahidi Aliye Ng'ambo

Ludhiana, Jumatano

Kaka Joginder,

Ulisema kwenye simu, "Karnail angekuwa hana hatia, angeshapewa dhamana." Uongo huo usiurudie. Kwenye kesi za dawa za kulevya, jaji hutoa dhamana akiridhika kwanza kwamba mtu hana hatia, na kesi yenyewe haijaisha! Njia iliyobaki ni kulalamikia ucheleweshaji, na mdogo wangu Karnail ana miaka mitano mahabusu.

Nyati wetu wa maziwa amezaa jike. Mama bado anapika mboga ya haradali sahani mbili zaidi, yako na ya Karnail, kisha anatugombeza zikibaki.

Jumatatu wakili wetu aliomba dhamana. Jaji akauliza, "Wamebaki mashahidi wangapi?"

"Mmoja, mheshimiwa," mwendesha mashtaka akajibu, kama anavyojibu kwa miaka mitatu sasa. "Yuko njiani."

"Basi tunakaribia kumaliza. Dhamana ya nini?"

Karnail akaninong'oneza, "Dada, miaka mitatu njiani? Anakuja kwa punda?"

Shahidi huyo ni wewe. Polisi walipokamata lori la Karnail, walikuita kutoka kibandani kwako ulikouza chai, ukatia sahihi karatasi tupu. Baadaye wakaijaza kwamba uliona magunia ya maganda ya afyuni. Nawe ukaenda Italia kukamua ng'ombe.

Najua unawaogopa polisi hao. Hata hivyo, njoo mahakamani tarehe tisa useme ulichoona, au iandikie mahakama kwamba huji, jaji aache kukungoja.

Dada yako,
Paramjit