Mrihani wa Mama Umestawi

Nyumba ya marehemu Khmais,
Mtaa wa Wafuma Mazulia,
Kairuani, Tunisia.
27 Julai 2013

Mpendwa mdogo wangu Munsif,

Salamu nyingi sana. U hali gani wewe, na Rim, na yule binti yenu? Meno yameshaota? Sisi huku jua linatuchoma na saumu ni ndefu, lakini tuko wazima. Mama naye yu hai. Naanza na hilo ili ushushe pumzi kabla hujaendelea.

Barua hii atakukabidhi Raufu, mtoto wa shangazi, anayepanda ndege kesho kurudi huko Montreali. Kwenye simu una tabia ya kunikatiza, tena Mama ana masikio makali, kama utakavyoona. Tulia usome.

Wiki iliyopita nilikwambia ujiandae kuja kuzika. Sikukudanganya, ndivyo tulivyoona. Mikono ilianza kumrukaruka, kikombe kikamtoka. Akawa anadonoa nyuzi hewani kana kwamba bado anafuma, huku akimwambia marehemu Baba asogee, anamkalia miguu. Shuka likimgusa tu, analia. Shangazi Jalila akasema, "Anaaga huyo. Waliotangulia wamekuja kumchukua." Kisha akanigeukia mimi: "Na wewe mbona unambania dawa? Mwongezee kidonge, we mtoto! Huoni mama wa watu anavyoteseka?"

Vidonge vyenyewe ni vile vya mofini alivyoandikiwa kwa saratani ya mifupa, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Mkono wangu ulishafika kwenye kopo, Munsif. Lakini moyo ulikataa, nikasema kwanza daktari amwone. Shangazi akaninunia mpaka shurba ya futari ikapoa mezani.

Daktari Wasila alimpima damu, akaniweka chini. "Mofini ikimezwa inafika kwenye ini," akasema, "na ini linaigeuza. Vinatoka vitu viwili. Kimoja kinatuliza maumivu kuliko hata mofini yenyewe. Cha pili hakitulizi chochote, kazi yake kuchokoza mishipa ya fahamu tu. Mtu anashtukashtuka, anaona wasiokuwepo, hata kuguswa kunamuuma. Vyote viwili vinatolewa na figo, na figo za mama yako zimekauka. Vimejazana ndani."

Nikamuuliza, na kama ningemwongezea kidonge?

"Kile cha pili kingemtesa zaidi, na kile cha kwanza kingemlaza asiamke."

Nilibisha hapo kwenye figo tu. Zikauke vipi, na mimi namwekea jagi la maji kila asubuhi, jioni halina tone?

"Basi kuna anayeyanywa," akasema, "ila si yeye."

Wakamlaza hospitali, wakamtundikia maji ya mshipa. Mofini wakaiacha, wakambandika kiraka cha dawa nyingine, ambayo mabaki yake hayana fujo kama hizo hata figo zikichoka. Mimi nikarudi nyumbani kumchukulia kanzu, na hapo ndipo nilipouona mrihani wake dirishani. Julai hii, mimea ya jirani yote imekuwa makapi, wake umestawi, majani mapana, udongo tope tupu. Na mimi sijaumwagilia tangu mwezi kuandama! Nikaelewa pia kwa nini aliomba kidonge cha asubuhi kihamie wakati wa daku. Nilikaa kitandani pake nikalia, kisha nikamtukana mama yangu mzazi, nami nimefunga. Mungu anisamehe.

Akili ilipomrudia nilimkabili. Mama, Mungu amekuruhusu usifunge, na maskini tumeshamlisha kwa niaba yako. Ulikuwa unafunga kwa ajili gani?

"Yangu nilishasamehewa," akasema. "Nilikuwa namfungia Munsif."

Ulipompigia siku ya kwanza ya mwezi, huko kwenu jua la utosi, alikusikia unatafuna. Hakukuambia kitu. Alikuombea dua, akakata simu, akaanza kumwaga maji.

Nikamwambia, hata sheikh atakwambia saumu haifungwi kwa niaba ya mtu mzima aliye hai na meno yake.

"Sheikh hakumzaa Munsif."

Sikuandikii kukuhukumu, hayo ni yako na Mola wako. Ila ujue mambo yalivyo. Saratani bado ipo, lakini Mama amerudi nyumbani, ana akili zake, anatutania, na Baba amemwacha apumzike. Daktari anasema figo zimeanza kuitika, na zikikosa maji tena hazitarudi. Maji anakunywa sasa, lakini kila adhuhuri anashika glasi kwanza na kuniuliza, "Munsif amefunga leo?" Namwambia amefunga. Ananitazama usoni kitambo, ndipo anakunywa.

Shangazi Jalila anakusalimu, ingawa mimi bado kaninunia kidogo. Msalimie Rim, mbusu mtoto mashavu yote mawili. Mungu akulindeni ugenini, na atukutanishe na Mama akiwa anatujua kwa majina.

Mwezi umebaki siku chache, mdogo wangu. Nimekusemea kwa Mama kwamba unafunga, kabla sijakuuliza. Usinifanye mwongo.

Dada yako akupendaye hata ukimuudhi,
Naziha