Mwenye Namba 1001

Jumatatu, 9 Machi

Nukta kaandika. Mdogo wangu wa tumbo moja, miezi minane kimya, halafu saa nne asubuhi simu inalia kama hakuna lililotokea. Dada shikamoo. Mchapishaji kaikubali michoro yake ya kile kitabu cha watoto, anaitaka yote kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Imo kwenye kompyuta, upande wake. Anaomba nimtumie.

Upande wake. Kompyuta ni hii moja ya mezani, tulikuwa tunaigawana: mimi nachapa tasnifu za wanafunzi, yeye anachora. Kila mtu na akaunti yake, na nywila yake. Siku alipofungasha virago kwenda kwa yule mwanamume nisiyempenda, nilimwambia akitoka asirudi. Akatoka. Nikakaa hapahapa na hasira zangu, nikaifuta akaunti yake. Mashine ikauliza kwa adabu: na mafaili yake pia? Nikasema ndiyo.

Nimemjibu: marahaba, nitaangalia.

Nitaangalia nini, mwanamke mimi?

Jumanne, 10 Machi

Nimepekua droo zote. Chini kabisa, kati ya vifungo na chaja mbovu — flashi yake ya bluu, ile aliyokuwa akiwekea nakala! Nikakaa sakafuni nayo mkononi.

Nimechomeka. Kimya. Nimechomoa, nimepuliza, nimechomeka tena. Kimya. Tundu la upande wa pili, hivyohivyo. Mambo haya alikuwa akiyashughulikia yeye. Ndiye aliyeniwekea hii Linux badala ya Windows, akasema dada, hutasumbuliwa na virusi tena. Kweli, sisumbuliwi na virusi. Wala na mtu.

Jumatano, 11 Machi

Nimevuka barabara kwenda kwa fundi, kasha la kompyuta kwapani. Mtu mzima, mkono wa miwani umefungwa uzi. Kaniita mama. Haya.

Kachokonoa tundu kwa kijiti, katoa donge la vumbi. Kachomeka flashi, kaandika neno moja fupi, mashine ikataja diski zake zote na flashi imo. Inaonekana, kasema, ila haijafunguliwa mlango. Kaufungua mwenyewe kwa amri. Ikatokea folda moja: michoro. Nikashusha pumzi. Nikabofya. Jibu: huna ruhusa.

Fundi kakuna kichwa. Kasema aliyeiandaa flashi hii aliiandaa kwa mtindo wa Linux, kwa hiyo kila folda inamjua mwenye mali. Kanionyesha mahali pa jina la mwenye mali. Hapakuwa na jina. 1001 tu. Mimi ni 1000, wa kwanza kwenye mashine. Huyu alikuwa wa pili, kasema, sasa kafutwa, ndiyo maana pamebaki namba. Ni nani huyu?

Nikasema mpangaji. Mpangaji! Sijui limetoka wapi.

Kasema ni kazi ndogo: amri moja tu na vyote vinakuwa mali yangu. Kaiandika, kidole kikawa juu ya kitufe. Nikamshika mkono. Nikamwambia aache, nitafanya nyumbani. Kanitazama juu ya miwani, kasema nyumbani nitafanya nini nisichoweza kufanya hapa. Nikachomoa flashi. Nimeshamfuta, nimchukulie na vyake?

Kabla sijaondoka kanielekeza njia ya pili, nimeiandika kwenye kiganja.

Alhamisi, 12 Machi

Sijafanya. Nimechapa kurasa arobaini za tasnifu ya mtu kuhusu minyoo. Naogopa folda iwe tupu.

Saa kumi nikachemsha chai, nikamimina vikombe viwili. Mkono umezoea. Nimevinywa vyote viwili, cha pili kikiwa baridi. Nimemkumbuka mdogo wangu. Basi, nimeliandika.

Nukta kauliza: umeona? Nimejibu: nashughulikia.

Ijumaa, 13 Machi

Saa mbili asubuhi. Njia ya pili ni hii: kumrudisha. Nimefungua akaunti mpya, jina nikaandika nukta. Namba sikuigusa, mashine imeipanga yenyewe. 1001. Nafasi yake ilikuwa wazi muda wote huo, hakuna aliyeikalia. Ikadai nywila. Ya kwake siijui, hakuwahi kuniambia. Nimeweka ya kubuni.

Nimechungulia flashi. Pale palipokuwa na namba pameandikwa nukta. Nikalia, peke yangu kwenye kiti, kama mtoto.

Nimeingia kwa jina lake. Skrini tupu, ile picha ya kiwandani, hata lile ua la manjano alilojichorea halipo. Nimebofya folda. Ikafunguka. Michoro thelathini na mmoja, yote!

Saa tano kasoro. Nimeituma.

Saa tano na nusu. Kajibu: imefika yote dada, Mungu akuweke. Nikacheka kwa sauti, nyumba ikashangaa.

Saa sita na robo. Kaandika tena. Mchapishaji kaipokea, sasa anataka jalada. Anauliza kama aje Jumapili, akae siku nzima achoree hapa, upande wake, kama zamani. Nimejibu njoo kabla sijafikiri.

Halafu kauliza: nywila bado ileile, eti?

Nimeandika ndiyo, nikafuta. Nimeandika ile uliyoizoea haifanyi kazi, nikafuta. Nimeandika Nukta, siku ile ulipoondoka nilifanya jambo, nikafuta. Kule kwake inamwonyesha kwamba naandika, naandika, naandika, na hakiji kitu.

Kaandika: Dada?