Gogo la Kuni Chini ya Gari

Jumapili, Julai 1957

Baba Njeri amelala hapa kando yangu, mzima, anakoroma. Asante Mungu.

Mchana alikuja na pikapu ya tajiri wake ili amwage oili chafu. Alitia mawe kwenye magurudumu, akainua gari kwa jeki hapo uani, akataka kujilaza chini yake. Nikamwambia angoje, tuweke kwanza lile gogo la kupasulia kuni.

Akacheka. "Mama Njeri, umekuwa fundi lini?"

"Tangu niolewe na mtu wa kichwa ngumu. Huko huingii bila gogo."

Alilivingirisha huku ananung'unika, akalisimamisha chini ya gari, akaingia. Hata nati ya oili haijalegea, jeki ikazama udongoni. Gari likashuka, likakaa juu ya gogo, kiganja kimoja tu kutoka kifuani mwake. Alitoka polepole, akamchukua Njeri akamkumbatia.

Sijamwambia kwamba kosa ni langu pia. Asubuhi nilifagia uwanja nikaumwagia maji mengi kutuliza vumbi, kama kila Jumapili. Udongo wetu huu wa Nakuru ukilowa unaonekana mgumu kama sakafu, kumbe chini ni laini kama jivu. Jeki ilitaka ubao mpana chini yake, na mimi nilijua.

Kesho nitamwambia, hata akinigombeza. Sauti yake ikipanda, nitaisikiliza kwa furaha.