Kiti cha Lopeyok

Lorna, wakili wetu Lopeyok ametuaibisha.

Lile shindano la insha la mawakili chipukizi wa usuluhishi wa kimataifa, amefika fainali. Leo majaji wamemhoji kwa video, yuko sebuleni kwao hapa Isiolo.

Jaji akauliza, "Katika kesi hii, kiti kiko wapi?" Yaani nchi ambayo sheria yake inasimamia kesi. Jamaa ameandika kurasa kumi na mbili juu ya hicho kiti. Akajibu, "Nimekikalia, ni cha kanisa."

Cha kanisa, Lorna.

Mama yake akasikia kiti kinatafutwa. Akaleta kigoda cha marehemu mzee wake, aliyekuwa akiamua kesi za ukoo, akakiweka mbele ya kamera. "Popote mzee alipokikalia hiki, kesi ilifuata sheria ya hapo."

Jaji akauliza jina la mama, akaliandika.